Kabla hujakaa mezani kuhusu Mto Mara

Dodoma

Ndugu yangu Neema,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Barua yako nimeipata. Hongera kwa kuingizwa kwenye timu ya wataalamu wa Mto Mara. Umeuliza uanze na mikataba au uanze na takwimu. Anza na takwimu. Mikataba utaimaliza kwa jioni mbili, lakini ukiingia kikaoni hujui namba za mto zilipatikanaje, mtabishana siku nzima na wenzako wa Kenya juu ya maji ambayo hakuna aliyeyapima.

Namba ya kwanza utakayoonyeshwa ni wastani wa mwaka. Usiitegemee sana. Mto unaoanzia milima ya Mau huko Kenya, ukakusanya mito ya Amala na Nyangores, ukapita Maasai Mara na Serengeti hadi ziwani karibu na Musoma, masika hauna ugomvi na mtu. Ugomvi unazaliwa kwenye wiki chache za kiangazi. Piga hesabu mwenyewe: hekta moja ya umwagiliaji huhitaji kama lita moja kwa sekunde mazao yanapokuwa na kiu kuliko kawaida. Shamba la hekta 200 basi ni lita 200 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 17,280 kwa siku. Mto ukiwa na mita za ujazo 100 kwa sekunde, shamba hilo halihisiki. Ukishuka hadi mita moja ya ujazo kwa sekunde, shamba lilelile limemeza moja ya tano ya mto, na nyuma yake wapo wanyama, vijiji na kinamasi chote cha Mara wakisubiri. Kwa hiyo omba takwimu za kila siku, za miaka 20 au 30 kama zipo, utafute kiwango ambacho mto hukifikia au kukizidi siku 95 katika kila 100. Hicho ndicho cha kugawana. Na kabla ya kugawana, toa kwanza akiba ya mto wenyewe na maji ya matumizi ya nyumbani. Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inadai hivyo, na sheria ya Kenya nayo ina akiba ya namna hiyo, kwa hiyo hapo hamna sababu ya kuvutana.

Sasa njoo kwenye kituo cha kupimia, maana hapa ndipo watu wengi hupita haraka. Pale mtoni kuna ubao wenye alama za sentimita, na msoma kipimo anauangalia asubuhi na jioni, basi. Anachoandika ni kina, siyo wingi wa maji. Ili kina kigeuke kuwa mtiririko, mafundi huvuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo, wakagawa upana wa mto vipande kama 20, na kila kipande wakashusha kifaa chenye pangaboi dogo linalozungushwa na maji. Palipo na kina kifupi hupima kasi mara moja, kwenye sehemu 6 za kumi za kina kutoka juu. Penye kina kirefu hupima mara mbili, kwenye 2 za kumi na 8 za kumi, kisha huchukua wastani. Kasi mara eneo la kipande, jumlisha vyote, umepata mtiririko wa siku hiyo. Kazi hiyo hurudiwa maji yakiwa machache, ya kati na mengi, mpaka upatikane mchoro unaokuambia kina fulani ni mita ngapi za ujazo kwa sekunde.

Mchoro huo huzeeka. Pita darajani kwenye mito ya huku, Bubu au Kinyasungwe, baada ya mvua uone mchanga ulivyohama. Mchanga ukijaa sentimita 10 chini ya ubao, maji yaleyale yatasoma juu zaidi, na anayetumia mchoro wa zamani atakuapia kuwa mto una maji ya kutosha. Mafuriko yakichimba kitako cha mto, utapata kinyume chake: mtu wa chini, kule mto unakoelekea, atalalamika kaibiwa wakati maji yapo. Kwa hiyo kila ukipewa takwimu ya mtiririko, uliza mara ya mwisho walishusha pangaboi lini, na kama lilishushwa kiangazi. Vipimo vingi hufanyika wakati gari linafika, na kwenye mchoro sehemu ya maji machache, ile mnayoigombea, ndiyo hubaki ya kukisia. Uliza pia kama vibao vya pande zote mbili za mpaka vimefungwa kwa usawa mmoja. Mafuriko ya usiku nayo usomaji wa asubuhi na jioni hauyaoni.

Usidhani haya ni mambo madogo ya mafundi. Mkataba wa Misri na Sudan wa 1959 wa kugawana maji ya Nile ulijengwa juu ya namba moja, kilomita za ujazo 84 kwa mwaka pale Aswan, wastani wa miaka ya nyuma. Misri ikachukua 55.5, Sudan 18.5, na 10 zikaachiwa mvuke wa bwawa. Jumlisha uone nchi za juu, kule mto unakotoka, zilibakiziwa nini. Ndiyo maana mwaka 2010 mazungumzo ya Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile yalikwama kwenye ibara ya 14(b). Misri ilitaka yaingizwe maneno ya kulinda "matumizi na haki zilizopo", na matumizi yaliyopo kwao ni zile 55.5. Sisi msimamo wetu ulikuwa wazi tangu Julai 1962, serikali ya Nyerere ilipoandika kuwa makubaliano ya Mwingereza na Misri ya 1929 juu ya maji ya Nile hayaibani Tanganyika. Maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele kwenda Shinyanga na Kahama yalivutwa kwa msimamo huohuo.

Mkataba huo wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ulianza kufanya kazi tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kuungana na Ethiopia, Rwanda, Tanzania, Uganda na Burundi. Sasa hesabu vizuri. Kenya ilitia saini Mei 2010, ila haikuwa kati ya hao sita. Mkataba humfunga aliyeuridhia, kwa hiyo ukiuweka mezani kwenye suala la Mara unaweza kujikuta unajifunga wewe peke yako. Shika zaidi makubaliano ya nchi mbili ya 2015 kuhusu bonde la Mara. Ni mepesi kisheria, lakini pande zote ziliyakubali.

Kikaoni usianze na kudai asilimia. Dai vitu vitatu vinavyopimika: vituo viwili vya pamoja karibu na mpaka vipimwe na mafundi wa nchi zote mbili siku moja, takwimu zipelekwe kila wiki wakati wa kiangazi badala ya ripoti ya mwaka, na kila kibali kipya cha umwagiliaji kitangazwe kabla hakijatolewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 unatoa miezi 6 ya kujibu taarifa kama hiyo, uuchukue kama kielelezo. Watakaokuambia takwimu ni siri ya serikali watakuwepo, na wengine watatoka upande wetu. Waonyeshe umeme wa maporomoko ya Rusumo kwenye mto Kagera: megawati 80, theluthi kwa Burundi, theluthi kwa Rwanda, theluthi kwetu. Usingegawanyika vile kama kila nchi ingeficha mtiririko wa Kagera.

Ukipata ratiba ya kikao niandikie. Nataka kuona kama suala la vituo limewekwa siku ya kwanza au limesukumwa alasiri ya mwisho, watu wakishafunga mabegi.

Msalimie mama, mpe shikamoo yangu.

Wako,
Elia