Usizisafishe Kanda Zangu

Majengo, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Huku wote wazima. Mvua zimeanza vizuri, na baba yako yuko nyuma ya nyumba na migomba yake tangu asubuhi. Salamu nyingine atakupa mwenyewe, mimi nina jambo.

Nimeisikiliza ile sauti uliyonitumia, kanda ya bibi yangu uliyoisafisha. Niliisikiliza kwanza kwa simu, kisha kwa spika ya kaka yako, na nimeirudia sana. Najua umeifanya usiku baada ya kutoka kazini, na nakushukuru kutoka moyoni. Lakini nakuomba uishie hapo. Kanda zilizobaki usizisafishe.

Ulinieleza mwenyewe jinsi programu ile inavyofanya kazi: unaionyesha kipande ambacho hakuna anayezungumza, inaujua mvumo wa kanda, halafu inauondoa kila mahali. Sasa rudia pale Bibi anaposimulia habari za shamba. Kila penye s na sh pamemezwa, kwa sababu sauti hizo zinakaa juu, palepale unapokaa mvumo wa utepe, na programu imevichukua vyote pamoja. Bibi alikuwa mzee, meno ya mbele hana, nusu ya maneno yake ilikuwa pumzi. Pumzi hizo nazo zimehesabiwa kuwa kelele. Aliyebaki ni kama mtu anayezungumza akiwa ndani ya pipa.

Elewa kwanza zilivyorekodiwa. Kile kituo cha Philips unachopita kila siku huko Arusha kimebeba jina la kiwanda kilichokuwa kikiunganisha redio, na redio yetu ilitoka hapo. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoitoa kaseti kwa mara ya kwanza, mwaka 1963. Tepu rekoda ilikuwa ya mjomba wako. Haikuwa na redio ndani, wala hatukuwa na waya wa kuziunganisha. Nilikuwa naiweka juu ya stuli mbele ya redio na kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kwa hiyo hakuna sauti hata moja humo ambayo haikupita kwanza kwenye hewa ya sebule yetu.

Nilitaka utangazaji kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa nikimsikia Deborah Mwenda kwenye Mama na Mwana, nikimsikia Edda Sanga, nikijua kwamba kuna wanawake wameketi Radio Tanzania Dar es Salaam na nchi nzima imenyamaza kuwasikiliza. Nilikuwa nawarekodi, halafu nachukua gazeti la Uhuru, hata likiwa limeshachelewa siku kadhaa, nasoma kwa sauti na kujirekodi, kisha nalinganisha: wao wanapumua wapi, mimi napumua wapi? Wanashusha sauti kwenye nukta, au kabla yake? Ndiyo maana kwenye kanda nyingi utakuta sentensi ileile inarudi na kurudi. Usidhani ni makosa ya kukatwa. Ni mimi niko shuleni, na mwalimu wangu hajui kama nipo.

Usiku nilikuwa nahamia masafa mafupi. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa hewani tangu 1957, na ya Deutsche Welle, iliyokuwa Cologne wakati ule, tangu 1963. Hapo ndipo utasikia sauti inajaa, inazama, inarudi. Umeniandikia kwamba unaweza kuisawazisha ikae mahali pamoja. Mwanangu, redio ilikuwa nzima kabisa. Mawimbi ya masafa mafupi hupanda hadi kwenye tabaka la hewa lenye chaji za umeme, zaidi ya kilomita 100 juu, yakapindwa na kurudi ardhini. Hayaji kwa njia moja. Yanayofika kwa mwendo unaolingana huongezeana nguvu, yanayofika kwa kupishana huuana, na tabaka lenyewe halitulii. Kwa hiyo unaposikia msomaji wa habari anazama katikati ya sentensi, unasikia hali ya anga la usiku ule, kati ya mitambo yao na stuli yetu. Na ile mikwaruzo ya ghafla ni radi, nyingine za mbali mno, ambazo sisi wenyewe hatukuziona wala kuzisikia kwa sikio. Ukisawazisha, msomaji utampata, ila usiku wenyewe utakuwa umeufuta.

Halafu kuna ile uliyoiandikia kibandiko “Mama akiwa mtoto”. Sikuwa mtoto, nilikuwa sekondari. Betri zilikuwa zinaisha. Mota ikiishiwa nguvu wakati wa kurekodi, utepe hupita polepole. Ukija kuupiga kwenye mashine yenye mwendo sahihi, sauti inakimbia na kupanda, msichana anageuka kitoto. Miaka ile ya mwanzo wa themanini betri zilikuwa za kutafutwa, madukani hakuna. Tulikuwa tunazitoa na kuzianika juani juu ya karai, zinapata uhai kidogo, tunazirudisha. Ukisikiliza kwa makini utagundua sauti inaanza sawasawa, inapanda, inakatika, halafu inaanza tena sawasawa. Pale katikati betri zilikuwa juani. Mimi nikisikia hivyo najua hata hali ya nyumba: hela ya kahawa ilikuwa bado haijalipwa.

Kuna na mwangwi unaotangulia. Kanda za dakika 90 utepe wake ni mwembamba, na ukikaa umekunjwa miaka mingi bila kuchezwa, sumaku ya mzunguko mmoja huachia alama kwenye mzunguko wa jirani. Ndiyo maana kabla sijatamka neno, unalisikia kwa mbali sana limeshatamkwa. Uliniuliza kama kulikuwa na mtu mwingine chumbani. Hapana, ni mimi.

Lakini iko moja ambayo nakuomba usiiguse kabisa. Ni ya jioni ya Aprili 12, 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitangaza redioni kwamba Waziri Mkuu, Edward Sokoine, amefariki kwa ajali ya gari akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Mpaka niifikie tepu rekoda, Mwalimu alikuwa ameshasema mengi. Tangazo lenyewe utalipata kwingine, likiwa zima na safi kuliko langu. Ulichonacho wewe ni sebule. Majirani walikuwa wamejaa kwa sababu redio ilikuwa kwetu. Utasikia kiti kinaburutwa. Utasikia baba yangu anauliza kwa sauti ndogo, “Amesema Sokoine?” na hakuna anayemjibu. Mtoto analia, mama anamtoa nje, mtu mmoja anaanza kusali, na wengine wanamfuata bila mpangilio. Programu inayotenga sauti ya msemaji itayaondoa yote hayo, maana kwake msemaji ni redio. Lakini kijana wa Monduli alikuwa amekufa, na hivyo ndivyo nyumba moja ya Moshi ilivyopokea. Hakuna studio iliyokuwepo pale. Ilikuwepo tepu ya mjomba wako tu.

Sikatai kanda zisikike vizuri zaidi. Njia ipo, na haiondoi kitu. Kabla ya kuzipiga, safisha kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti. Kisha tafuta skrubu ndogo iliyo pembeni ya kichwa hicho, igeuze kidogo kidogo huku kanda inacheza, mpaka zile s na sh zifunguke. Kila mashine inakikalisha kichwa kwa mwinamo wake, na yako haijakaa kama ile ya mjomba. Ifanye kwa kila kanda upya. Utaona tofauti kubwa, na utakuwa umechota kilichomo kwenye utepe badala ya kukipunguza.

Ukishazihamisha, zitunze kama zilivyo, kwa WAV, yaani faili lisilobana sauti, nakala moja kwako na nyingine kwa kaka yako. Usinitumie tena kwa WhatsApp, inazibana. Ukitaka kujaribu lolote, kurekebisha mwendo au hata kusafisha, fanya kwenye nakala ya tatu. Na ile ambayo utepe wake umelegea, irudishe kwa kalamu ya biki kwanza, usiiachie mashine.

Krismasi njoo nazo zote, na mashine pia. Mjomba atakuwepo. Kuna mahali Bibi anaacha Kiswahili na kuendelea kwa Kichaga cha zamani, na mimi yapo maneno ambayo siyapati. Mjomba anayajua. Tutaisikiliza ile isiyosafishwa, aseme, wewe uandike.

Mama yako