Jumamosi, Asian Art Museum

Ndugu zangu, salaam. Jumamosi tukutane saa nne na nusu asubuhi mlangoni pa Asian Art Museum, San Francisco. Mkiingia, mtafuteni kwanza yule Buddha mdogo wa shaba iliyopakwa dhahabu, kutoka Uchina, wa mwaka 338. Amekaa, viganja amevilaza tumboni. Alikuwa mali ya Avery Brundage, tajiri wa Chicago aliyekusanya sanaa za Asia. Mwaka 1958 wapenzi wa sanaa mjini hapa waliunda Society for Asian Art ili mkusanyiko wake uje kwao. Makumbusho hawakuwa nayo, walikuwa na kikundi tu, kama sisi! Mwaka 1960 wapiga kura wakaridhia fedha za jengo. Leo vitu vimepita 18,000, na wanachama bado wanachangia ununuzi. Mwenye nafasi garini anijulishe.