Mama Musa, mwache aingie majini

Shoga yangu Mama Musa,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, mama anaendelea vyema na goti lake, ndugu yangu Idi anakusalimu na ameniagiza nikuandikie kwamba ana viatu vipya, basi nimeshaandika. Najua ni mimi niliyenyamaza muda wote huu, uniwie radhi. Rehema atakuwa amekusimulia yaliyotupata, sitayarudia hapa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kuhama nimeyafurahia, ya Baba Musa na mgongo wake nimeyasikitikia. Lakini kuna mstari mmoja umeupenyeza kule mwishoni, haraka haraka: kwamba kocha alikuja kumwomba Musa ajiunge na kundi la waogeleaji wenye ulemavu wa akili, ukamjibu ahsante, hawezi, ataumia, na watu watamcheka. Kisha ukarukia habari za harusi! Harusi nzuri, nimefurahi, lakini usiku ule usingizi ulinipaa.

Sikulaumu. Wewe ndiye uliyekaa naye wodini miezi yote ile walipomrekebisha moyo, si mimi. Mtu aliyewahi kuhesabu pumzi za mwanawe usiku kucha hawezi kuambiwa tu "usiogope". Kwa hiyo nianze na hofu ile ambayo ni ya kweli, maana ipo.

Karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na hali ya Down kama Musa, yaani wenye kromosomu moja ya ziada, huwa na tatizo la moyo, kwa hiyo Musa hayuko peke yake, na kabla hajaingia bwawani daktari wake wa moyo aseme neno. Jambo la pili hukuliandika, na nadhani halijawahi kuelezwa kwenu: shingo. Baadhi yao kano zinazoshikilia mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo huwa zimelegea, na kichwa kikipinda kwa nguvu mifupa inaweza kuubana uti wa mgongo. Ndiyo maana makocha wanaoijua kazi yao huuliza kwanza: analalamika shingo? Kichwa kinakaa upande? Mwendo wake umebadilika siku za karibuni? Mikono imekuwa dhaifu, anaangusha vitu? Ameanza kujikojolea ilhali alikwisha acha? Kama mojawapo lipo, michezo isubiri, aende kwa daktari upesi. Na hata kama hakuna, kuchupa kichwa kwanza, mtindo wa kipepeo, sarakasi, judo na kuruka juu ni mambo ya kumuuliza daktari kabla ya kuyagusa. Lakini mtindo huru, akianzia ndani ya maji ameshika ukuta? Hilo ni jambo jingine kabisa. Muulize kocha huyo kama alitaja shingo. Kama alitaja mwenyewe bila kuulizwa, mimi nitamwamini.

Sasa hili la kuchekwa. Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Unakumbuka mashindano yale ya kirafiki ambayo Idi alirudi na medali, nikakuandikia kwa shangwe? Sikukumalizia habari. Njia moja ilikuwa tupu, wakamtia kijana mmoja wa kujitolea, hana ulemavu wowote, akimbie naye mita 100. Mbele kidogo ya utepe kijana yule akapunguza mwendo Idi apite. Sote tukashangilia, mimi nikilia. Idi akavishwa medali, akaitazama, akaivua, akamfuata yule kijana akamtia mkononi. Akamwambia, "Umeniachia." Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema neno. Mama Musa, sisi tuliomlea tulidhani hatajua! Miaka thelathini na moja ninaishi naye na nilidhani hatajua.

Tangu siku ile ninaogopa zaidi mtu anayemhurumia kuliko anayemcheka. Anayemcheka, Idi humwambia mwenyewe anyamaze, na sauti yake unaijua.

Baadaye tukampeleka kwenye mashindano ya Special Olympics, michezo ya wenye ulemavu wa akili, na hapo nikaona jinsi mambo yanavyofanywa. Kwanza mchujo. Kila mtu anakimbia, saa inachukuliwa, halafu wanapangwa upya kwa umri, jinsia na kasi, makundi madogo ya watu watatu hadi wanane. Mwongozo wao unataka tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho katika kundi isizidi asilimia 15 hivi, inapowezekana. Kwa hiyo hakuna anayeachwa nusu uwanja, wala hakuna haja ya kumwachia mtu. Watatu wa mbele wanapata medali, wengine utepe. Idi alikuwa wa nne kati ya watano. Utepe wake umetundikwa juu ya kitanda mpaka leo, na ukimuuliza anakwambia, "Nilimpita mmoja." Ile medali haijawahi kutajwa tena.

Hicho ndicho ninachomwombea Musa. Amshinde mtu kweli, na ashindwe na mtu kweli.

Baba Musa aliuliza, kwa ulivyoandika, "Atafika wapi, Paralimpiki?" Mjibu kwamba swali lake lina historia inayouma, maana Paralimpiki ndiyo michezo mikubwa ya dunia ya watu wenye ulemavu. Wanamichezo wenye ulemavu wa akili waliwahi kuwa ndani. Mwaka 2000 kule Sydney timu ya mpira wa kikapu ya Hispania ya wenye ulemavu wa akili ikachukua dhahabu, kisha ikagundulika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu wowote. Na adhabu ikamwangukia nani? Wenye ulemavu wa akili wote, wa dunia nzima. Walitolewa, Athens 2004 wakaikosa, Beijing 2008 wakaikosa, wakarudishwa London 2012 katika riadha, kuogelea na tenisi ya meza tu. Miaka 12! Mtu aliyekuwa na miaka ishirini, kwenye kasi yake yote, alirudi ana thelathini na mbili. Kila nikifikiria hili nashikwa na hasira, maana hawa hawakuwa na wa kuwasemea kwa sauti kubwa.

Na hata sasa, pale Paralimpiki wenye hali ya Down hawana daraja lao, wanashindana na yeyote mwenye ulemavu wa akili, na kwa misuli yao iliyolegea na mioyo iliyoshonwa njia inakuwa nyembamba sana. Lipo shirika la Virtus, linaloandaa mashindano ya kiwango cha juu kwa wenye ulemavu wa akili, na huko wenye Down wana daraja lao wenyewe. Kwa hiyo mlango upo. Ila mimi sitaki tuanze na mlango huo. Anayemwuliza mtoto mwingine yeyote siku ya kwanza ya mazoezi atafika wapi ni nani? Wanakwenda kwa sababu wanapenda maji.

Na Musa anapenda maji, wewe mwenyewe uliniandikia jinsi anavyogoma kutoka bafuni.

Mwanzo wa Special Olympics wenyewe ulikuwa mdogo tu, na mimi hunigusa kwa sababu ni habari ya dada mtu. Eunice Kennedy Shriver alikuwa na dada yake, Rosemary, mwenye ulemavu wa akili, ambaye mwaka 1941 alifanyiwa upasuaji wa ubongo uliomharibu kabisa, akaishia kulelewa kwenye taasisi, mbali na nyumbani. Mwaka 1962 Eunice akafungua kambi ya michezo nyumbani kwake Maryland, kwa watoto ambao hawakuwa na pengine pa kuchezea. Kufikia Julai 1968 wanamichezo wapatao 1000 wa Marekani na Kanada walikuwa wanashindana uwanjani Soldier Field, Chicago. Berlin, mwaka 2023, walikuwa kama 7000. Huwa namfikiria yule mtoto wa kwanza aliyefika kambini, na mama yake aliyemleta, alivyokuwa anatetemeka.

Kitu kingine nisije nikasahau. Kwenye mashindano hayo kuna mabanda ya uchunguzi wa afya bila malipo, walianza utaratibu huo mwaka 1997: macho, masikio, meno, nyayo. Idi alipochunguzwa masikio yakakutwa yameziba nta, yote mawili, imekauka kama jiwe. Miaka mingapi tulikuwa tunamwita "mkaidi"? Miaka mingapi nimempigia kelele kwa kutoitika? Nilimwomba msamaha palepale. Akasema, "Haya."

Usidhani yote yamekuwa mepesi. Klabu ya kwanza tuliyoiendea ilitukatalia mlangoni, wakasema hawana mtu wa kumwangalia "wa namna hiyo", naye amesimama pale anasikia. Mlio wa bastola ya kuanzia mbio ulimfanya ajikunyate chini na kuziba masikio. Kocha tuliye naye sasa akaanza na bendera, wiki kadhaa bendera tu, kisha bendera pamoja na mlio kutoka mbali, akiusogeza kidogo kidogo. Humpa Idi neno moja kwa wakati mmoja. Hasemi "nenda kapashe misuli, halafu vaa viatu, halafu njoo kwenye mstari". Anasema "viatu". Vikishavaliwa, "mstari". Anaonyesha kwa mwili wake kabla ya kueleza, na mazoezi yanafuata mpangilio uleule kila siku. Kazi ngumu kuliko zote, amini usiamini, ni kusubiri zamu. Huko ndiko Idi alikobadilika zaidi, siku hizi anasubiri hata mezani.

Basi nina ombi, na ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Mimi na Idi tuje tukae nanyi siku mbili tatu, nimpeleke Musa bwawani mara ya kwanza, wewe ubaki nyumbani kama huwezi kutazama. Au uje ukae nyuma kabisa. Halafu mfikirie Subira. Kuna michezo ya pamoja, Unified, ambapo timu moja ina wenye ulemavu wa akili na wasio nao, wanacheza kama wenza. Wanafanya hivyo hata kwenye kuogelea kwa kupokezana. Subira ana miaka kumi na saba na amekuwa yaya wa kaka yake tangu akiwa na sita. Ningependa awe mwenzake wa timu walau mara moja, agombane naye kwa kuchelewa kugusa ukuta. Yeye mwenyewe umewahi kumuuliza?

Na Musa je, kocha alipokuja alikuwepo sebuleni? Alisikia ulivyojibu? Alisema nini baada ya yule kuondoka? Daktari wa moyo mnamwona lini tena, na unaweza kumuuliza na la shingo siku hiyohiyo? Namba ya kocha bado unayo au umeichana? Maji yakiingia usoni anaogopa, au ni nywele tu hataki zilowe? Baba Musa atakasirika nikija?

Idi amekaa hapa pembeni ananisubiri nimalize. Anasema nikwambie Musa asiogope maji ya masikioni, ukiinamisha kichwa hivi yanatoka yenyewe. Ameinamisha, ananionyesha.

Wako,
Tunu