Hela ya grili nimemtumia Shija mwenyewe

Mama yangu mpendwa,

Mwangaluka, mayu. Shikamoo. Mimi ni mzima, baridi imepungua, kazi na shule vinakwenda. Ujumbe wa Doto nimeupata, na ile sauti ndefu ya baba mdogo nimeisikiliza mpaka mwisho. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Kwenye simu tungeishia kugombana.

Kwanza mdogo wangu Shija. Mama, mtoto ameibiwa. Hajatoroka, hajafeli, hajapata mimba. Kompyuta imeondoka saa nne asubuhi yeye akiwa darasani. Dirisha halina grili, wavu umechanwa kwa wembe, na fito yenye ndoano kwenye ncha imeingizwa mpaka mezani. Alinitumia picha: kamba ya begi imebaki imenasa kwenye kitasa cha dirisha. Sasa haya maneno ya baba mdogo kwamba "anazurura usiku" yametoka wapi? Mwizi kaja jua likiwaka.

Na mimi nauliza, naomba anijibu yeye mwenyewe wala asimtume Doto: hela niliyotuma mwaka jana ili Shija ahame pale Malimbe aingie nyumba yenye uzio na geti ilikwenda wapi? Najua ni kwenye injini ya mtumbwi. Mtumbwi siukatai. Sote tumesomeshwa na dagaa wa Mwaloni, na mikono yako bado ina makovu ya kuwaanika. Lakini hela ya mlango wa mtoto wa kike haigeuzwi injini bila hata kuniuliza. Kisha leo mtu huyohuyo anataka Shija ahamie kwake Kisesa, apike, aogeshe watoto, halafu aende chuoni Malimbe na kurudi kila siku, huku vipindi vingine vinaisha giza limeshaingia. Hapo ndipo atakapokabwa kweli. Nimekataa, na ukimwona mwambie nimekataa.

Ngoja nikusimulie jambo. Huku Marekani, jimbo la Pennsylvania, kuna mji unaitwa Bethlehem, ningependa siku moja uuone kwa ajili ya jina lake tu. Kuna chuo pale, Lehigh. Mwaka 1986 binti wa mwaka wa kwanza, Jeanne Clery, aliuawa chumbani kwake bwenini. Milango ya bweni ilikuwa ya kujifunga yenyewe, ila watu walikuwa wameizuia ibaki wazi ili wapite kwa urahisi. Aliyemuua alikuwa mwanafunzi mwenzake. Binti hakuwa barabarani wala baa, alikuwa kitandani. Wazazi wake hawakukubali kunyamaza, wakahangaika mpaka mwaka 1990 ikapita sheria inayobeba jina la mtoto wao: vyuo vinavyopokea wanafunzi wa mikopo na misaada ya serikali kuu lazima vitangaze kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Oktoba kwisha, uhalifu uliotokea kwao kwa miaka mitatu iliyopita, na vitoe tahadhari hatari inapojitokeza. Ripoti ya chuo changu niliisoma yote kabla sijalipia chumba. Baba mdogo naye angeanza na mlango kabla ya kumsema mtoto.

Picha ya joho umeiona? Nimemaliza nikiwa miongoni mwa wa juu kabisa darasani, na jina langu lilipotajwa walimu walisimama. Iweke sebuleni, pembeni ya picha yenu ya harusi. Wale waliosema mtoto wa muuza dagaa atarudi na begi tupu, wakaribishe chai waitazame vizuri.

Kuanzia hapa mpe Shija asome.

Mdogo wangu, pole sana. Hela iko kwenye namba yako, haipiti kwa mtu. Mwite fundi wa kuchomelea aweke grili kwanza, kompyuta baadaye. Grili ya nje na komeo la ndani, na meza iondoke dirishani. Mwenye nyumba akigoma, ongea na mwenyekiti wa mtaa. Akigoma tena, tafuteni nyumba nyingine wewe na wenzako. Kituo cha polisi ulichukua RB, ile namba ya kuripoti wizi? Kama bado, nenda leo. Simu nayo bonyeza *#06#, uandike zile namba za utambulisho wa simu (IMEI) kwenye daftari linalobaki nyumbani kwa Mama. Bumu, ile hela ya mkopo wa kujikimu, likitoka usilitangaze, usitoe lote, na usihesabu hela kwa wakala huku watu wamepanga foleni nyuma yako. Mkimaliza kujisomea usiku tokeni kundi zima. Bodaboda awe mmoja mnayemfahamu, namba ya pikipiki mtumie Doto kabla hujapanda. Mtu akikufuatafuata au kukutishia, hata awe mwalimu, nenda Dawati la Jinsia pale polisi, kisha unipigie saa yoyote. Nitapokea.

Babu alikuwa na filimbi yake ya sungusungu, walinzi wa kijiji, tangu miaka ya 1980, na mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa hakuna aliyebaki ndani. Nyumba yenu ikubaliane hivyohivyo: mmoja akipiga kelele, wote mnatoka. Ila mwizi akikamatwa apelekwe polisi. Sitaki usimame kwenye lile duara la watu wenye tairi na petroli, Shija. Naogopa hilo kuliko wizi wenyewe.

Mama, nimerudi kwako. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" usiujibu. Utume kwenda 15040, ndiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakopokea taarifa za matapeli. Na yule aliyekupigia akasema Shija amelazwa Bugando, anataka hela ya upasuaji, akirudi tena muulize ng'ombe mwekundu wa bibi aliitwa nani. Shija anajua, mimi najua, Doto anajua. Asiyejua, kata simu.

Nimekumbuka nyumbani mpaka naumwa. Samaki wa huku hana kichwa, wanamuuza kipande kwenye karatasi. Nimewaza matobolwa, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, wiki nzima. Binti wa mzee wa Kirumba anasafiri kuja huku mwezi ujao, Doto ana namba yake. Mpe matobolwa na michembe, na dagaa kidogo waliokaangwa wakakauka, umfungie vizuri wasinuke njiani.

Baba mdogo msalimie. Mwambie sina kinyongo naye, ila hela ile nataka airudishe, hata kidogokidogo kila mtumbwi ukipata, na aikabidhi kwako.

Mwanao akupendaye,
Kulwa