Wakaguzi wa kituo cha afya wasome na madaftari yetu

Mhariri, salamu kutoka huku Busia upande wa Uganda. Juzi wakaguzi walikuja kwenye kituo cha afya cha gombolola yetu, yaani sehemu yetu ya wilaya (jina la kituo naliacha, bado nakitegemea), wakakaa kama masaa mawili hivi, wakapekua rejista wakasifu usafi, wakasema kituo kinafanya vizuri sana kwa vile wagonjwa wameongezeka. Sakafu siku hiyo ilipigwa jiki mpaka macho yanawasha.

Sasa mi nauliza, wagonjwa kuongezeka imekuwa sifa tangu lini? Mwezi uliopita mtoto wangu wa miaka minne alishikwa na homa. Mara ya kwanza tukaambiwa mtu wa maabara hayupo, tukapewa Coartem, dawa ya malaria, bila kupima, nikampa siku tatu zote mpaka zikaisha. Homa ikarudi. Mara ya pili vilevile, Coartem tena. Mara ya tatu tukakuta musawo (mhudumu wa afya) mwingine, msichana mdogo tu, akamchoma kidole akapima akaona hakuna malaria, halafu akawasha tochi ya simu akachungulia sikio la kushoto, ndani usaha umejaa. Tochi ya simu, mhariri! Hata dakika haikuisha.

Kwenye rejista mtoto wangu huyo mmoja ni wagonjwa watatu. Kuna safu ya wapya na safu ya wanaorudi, na mimi nilikuwa nimesimama palepale mezani, kila mara kalamu ilienda kwa wapya. Kwa hiyo kwenye ripoti ya mwezi inayopelekwa wilayani, kule kukosea mara mbili kumehesabiwa kama kazi.

Siwaonei manesi. Yule wa asubuhi anafika saa mbili na mpaka saa saba hajagusa chai, na tangu serikali ifute malipo kwenye vituo vyake mwaka 2001 foleni si mchezo. Dawa nazo zinaletwa na National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali, kila baada ya miezi miwili, zikiisha katikati yeye atazitoa wapi. Hayo naelewa. Lakini kituo cha daraja la tatu kama hiki chetu kinatakiwa kuwa na maabara, na Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2010 mtu apimwe malaria kwanza ndo apewe dawa. Mtu wa maabara kutofika kazini hiyo si shida ya bajeti.

Ombi langu kwa kamati ya kituo na hao wakaguzi ni dogo. Kila mgonjwa huku ana daftari lake, haya madogo ya shule tunayonunua wenyewe, musawo anaandika humo tarehe, unaumwa nini na umepewa dawa gani. Rejista inalala kituoni lakini daftari linarudi nyumbani na mwenyewe, hakuna wa kulipamba wageni wakija. Basi wakija tena waache ofisi kidogo, wakae pale kwenye benchi chini ya mwembe, waombe madaftari kumi ya watu waliopo, waangalie nani karudi na ugonjwa uleule, nani alipimwa na nani alipewa tu. La mwanangu nitakuja nalo, kurasa tatu zinafuatana, mbili zimeandikwa malaria na ya tatu sikio.

Mama wa watoto wanne, Busia