Wazazi tuelezwe njia zote kabla Selform haijajazwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu wa Mwanza, na zaidi na wakuu wa shule zetu za kata, juu ya jambo linaloumiza vijana wetu kila mwaka. Mtoto anasoma miaka minne, anajaza Selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano au chuo, kwa kuangalizia ya jirani yake, na sisi wazazi tunakuja kuuliza njia zilizopo baada ya matokeo kutoka.

Huku Igoma matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, swali ni moja tu: amepata nafasi ya kwenda tano? Aliyepata krediti tatu (A, B au C) za tahasusi yake, yaani yale masomo matatu ya kidato cha tano, anapigiwa vigelegele. Mwenye D nne anafichwa ndani kama mgonjwa. Lakini kwa kozi nyingi za vyuo vya kati, ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, hata kwa hizo D, unatosha kuanza astashahada ya awali, yaani ngazi ya 4 katika NTA, mfumo wa ngazi za tuzo za vyuo hivyo. Anapanda ngazi ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo diploma. Akimaliza na GPA kuanzia 3.0 anaweza kuomba shahada chuo kikuu, pamoja na yule aliyepitia kidato cha sita. Na tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa diploma katika baadhi ya fani. Wazazi wangapi wa mtaani kwetu wanayajua haya?

Ufundi stadi nao una ngazi zake tatu. Kijana anaingia VETA, chuo cha ufundi stadi pale Nyakato, anatoka na cheti cha ngazi ya kwanza, anarudi kuchukua ya pili na ya tatu. Akiwa na ya tatu, pamoja na ufaulu kidogo wa kidato cha nne, mlango wa NTA ngazi ya 4 uko wazi kwake katika kozi nyingi za ufundi.

Nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi utamkuta kijana ameifungua mashine ya boti yote, plagi ziko kwenye bakuli la petroli, na anajua kila nati inarudi wapi. Alifundishwa na mjomba wake. Ajira ikitangazwa hana karatasi ya kuonyesha, basi anaishia kuwa kibarua chini ya mtu asiyemfikia kwa ujuzi. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi anapimwa anachokijua, anaongezewa pale alipopungukiwa, anapewa cheti. Kijana huyu hajawahi kuusikia, na yuko mji mmoja na chuo.

Linalonikera zaidi ni la binti wa jirani yangu. Alikuwa na F ya Kemia. Chuo kimoja kikampokea kusomea uuguzi, ingawa uuguzi unadai ufaulu wa Kemia na Baiolojia. Mama yake, mchuuzi wa dagaa, alilipa ada kwa risiti za kuandikwa kwa mkono hadi ilipobainika kwamba chuo chenyewe hakitambuliwi na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati. Fedha haikurudi. Mwongozo wa udahili wa NACTVET unaonyesha vyuo vinavyotambuliwa na sifa za kila kozi. Mtu mmoja tu angemfungulia mama yule kwenye simu, fedha yake ingepona.

Sasa mambo yanazidi kuwa mengi. Mwaka 2024 tahasusi zilitangazwa kufika 65, na mwaka huohuo baadhi ya shule zikaanza kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi pamoja na ya kawaida. Hao watamaliza kidato cha nne 2027. Tusipoelezwa mapema, watachagua gizani kama kaka zao.

Ombi langu kwa wakuu wa shule: iteni kikao cha wazazi watoto wakiwa kidato cha tatu. Mwiteni mtu wa VETA Nyakato, mkufunzi wa Chuo cha Uvuvi Nyegezi, na mwingine wa DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) kampasi ya Mwanza aeleze teknolojia ya ngozi. Wako hapahapa jijini, ni nauli ya daladala. Waje na vijana wanaosoma huko, maana mtoto humsikiliza zaidi kijana mwenzake. Na mtukumbushe kwamba baada ya matokeo TAMISEMI hufungua muda wa kubadili machaguo mtandaoni. Wengi muda huo unawapita wakisubiri tangazo la redio.

Shuleni kwetu tumekwisha kuzungumza wazazi kadhaa, na nauli ya wageni hao tutaichanga wenyewe. Tunachosubiri ni tarehe kutoka kwa mkuu wa shule.

Mzazi wa kidato cha tatu,
Igoma, Mwanza