Risala ya Vijana Wachoraji wa Kirumba, Mwanza, kwa Mgeni Rasmi Siku ya Maonyesho ya Picha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa mtaa, viongozi wa dini, walimu, wazazi na majirani zetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kututazamia kazi. Karibu sana.

Mheshimiwa, sisi hatuchori twiga wala Mlima Kilimanjaro; hizo zina wenyewe, na zinauzika kuliko zetu. Tunachora watu: wavuvi, wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, abiria wa kivuko cha Kamanga. Wazo la maonyesho haya tumeliazima kwa Wabuddha. Kabla minong'ono haijaanza, hakuna aliyebadili dini; Ijumaa na Jumapili kila mmoja wetu yuko mahali pake.

Buddha alifundisha kwamba hakuna nafsi iliyojitenga, isiyobadilika. Kila kitu hutokea kwa kutegemea vingine. Kwa mchoraji hilo si geni. Tazama ile picha kubwa ya akina mama wawili wanaoanika dagaa. Chini ya kidevu cha aliye kushoto pana bluu. Si yake, ni ya kitenge cha mwenzake, jua limeipeleka usoni kwake. Tulijaribu kuifuta, uso ukapooza, tukairudisha.

Picha ya mlangoni imezua maswali tangu asubuhi: mtumbwi, kandambili, kiti kitupu. Mtu yuko wapi? Ni baba wa mwenzetu mmoja, mvuvi, sasa marehemu. Wachongaji wa kale wa Sanchi, India, nao walimwonyesha Buddha kwa nyayo, kiti kitupu au mti, bila mwili. Hukohuko India, kwenye mapango ya Ajanta, michoro ya karne ya 5 imejaa sura, za wafalme hata za watumishi. Sisi tumefuata njia zote mbili.

Changamoto zipo. Tunachorea barazani kwa jirani, mvua ikinyesha tunafungasha. Rangi za kisanii ni ghali, kwa hiyo tunapaka rangi za nyumba juu ya kitambaa cha marekani, na nyeupe yake baada ya muda hugeuka njano.

Tunaomba utusaidie kupata chumba chenye madirisha makubwa, na kibali cha kuchora ukuta mmoja wa stendi. Fedha leo hatuombi, ingawa ukinunua picha hatutakurudishia chenji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.